Jina Kwenye Dumu

Nyumbani kwa Ogola siku ilianza na kelele za madumu. Kabla ya uji, kabla hata ya salamu, Amondi alikuwa ameshatoka na dumu lake la njano kwenda bombani. Bomba la Nyakunguru lilikuwa moja, na watu walikuwa wengi. Tangu rashi ya dhahabu ianze, yaani watu kuikimbilia dhahabu, kijiji kilikuwa kimejaa wageni wa kila pembe. Wengine walilala chini ya maturubai. Kwenye foleni ya maji, ukizubaa kidogo tu, dumu lako limeshapata mwenyewe mwingine.

Ndiyo maana mama yake, Abonyo, aliandika jina la mtoto kwenye dumu. Aliliandika kwa rangi nyekundu iliyobaki walipopaka mlango. Zilikuwa herufi nene, zimevimba kidogo: AMONDI.

Amondi alikuwa na miaka kumi. Bombani alichuchumaa kando ya dumu akingoja zamu yake, na kidole chake kilipita juu ya zile herufi. Kilipanda, kilishuka, kilizunguka. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka miwili. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, wala hakuna aliyemwona.

Baba yake alikuwa mchimbaji mdogo. Yeye na wenzake wawili walikuwa na duara lao, yaani shimo la dhahabu. Ogola alikuwa mtu wa kucheka, ila akishika jambo lake, we acha tu, kumbandua ni kazi. Jumamosi alikaa uani akichambua mawe kabla ya kuyapeleka karasha, kwenye mashine ya kusaga. Amondi alisimama mbali kidogo akitazama.

"Baba, hilo tupa," alisema siku moja. "Lile la kijivu lenye mstari ndilo."

Ogola alilipasua lile la kijivu. Kweli bwana, ndilo lilikuwa na dhahabu.

"Huyu mtoto ana jicho!" alimwita mkewe. "Abonyo, njoo uone!"

Na si mawe tu. Jirani yao, mzee Heche, alikuwa Mkurya mwenye ng'ombe zaidi ya thelathini. Amondi aliwajua wote kwa rangi na kwa pembe. Ukimtuma dukani vitu sita, alileta sita. Akitoka kanisani, alikusimulia mahubiri yote, mpaka mahali mhubiri alipokohoa.

Lakini mpe kitabu sasa! Hapo ndipo palikuwa na kilio. Alikuwa anarudia darasa la tatu. Herufi zilimchezea. Leo ameijua "b", kesho ameiita "d". Neno alilosoma juu ya ukurasa, akilikuta chini alilishangaa kama mgeni. Akinakili ubaoni, wenzake walimaliza na kutoka kucheza, yeye yuko mstari wa pili.

Darasa lao lilikuwa na watoto mia moja na thelathini na nane. Rashi ilikuwa imeleta wazazi, na wazazi wameleta watoto. Mwalimu Waitara alikuwa peke yake mbele yao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. Kwenye ripoti aliandika neno moja: Mvivu.

Ogola alilisoma neno hilo mara tatu, na kila mara lilimchoma.

"Mawe unayajua," alimfokea mtoto. "Ng'ombe wa watu unawajua. Herufi chache tu ndizo zinakushinda? Unatufanyia makusudi?"

Ogola alikata fimbo, akamchapa. Usiku ule Ogola hakula vizuri. Kesho yake mtoto alikwenda bombani kama kawaida, na bado "b" ilikuwa "d".

Ndipo akaja dada yake Ogola.

Dada huyu aliitwa Atieno. Aliishi ng'ambo, upande wa Kenya, akivuka mpaka pale Sirari kila alipotaka kuwaona ndugu zake. Alikuwa mkubwa kwa Ogola kwa miaka tisa. Ndiye aliyembeba mgongoni. Kwa hiyo neno lake pale nyumbani halikujadiliwa. Amondi alimwita Waya, maana Wajaluo humwita hivyo shangazi.

Atieno alisikiliza habari ya ripoti. Alitikisa kichwa.

"Kwani hamuoni?" alisema. "Huyu mtoto ako na shida ya jina. Mimi nimeota mama. Nimemwona amesimama hapo mlangoni, ananiuliza, mbona mmeniacha nje?"

Mama yao, Nyangweso, alifariki mwaka uleule Amondi alipozaliwa. Wakati ule shughuli zilikuwa nyingi, na mtoto alipewa jina la saa aliyozaliwa, alfajiri. Jina la bibi halikutajwa kabisa. Na kwa Wajaluo wengi, marehemu anayetaka jina lake si jambo la kupuuza. Mtoto hulia, mtoto huugua, mpaka jina litajwe.

"Lakini dada, huyu halii wala haugui," Ogola alisema. "Hasomi tu."

"Na ni nani amemshikia akili asisome?" Atieno alimjibu.

Abonyo alitaka kusema neno. Alimtazama mumewe, akaliacha.

Basi kuku alichinjwa. Atieno alimshika Amondi mkono, akamwita mara tatu kwa jina la bibi yake: Nyangweso, Nyangweso, Nyangweso. Kisha akasema kuanzia leo hakuna mtu kumwita Amondi. Alichukua kisu, akaenda penye dumu, akakwangua ile rangi nyekundu yote. Mtoto alisimama akitazama vipande vya rangi vikianguka. Hakulia.

"Na nikwambie, Ogola," Atieno alisema akipanda bodaboda. "Nitarudi shule ikifungwa mwezi wa kumi na mbili. Kama amejua kusoma, Mungu asifiwe. Kama bado, naenda naye. Nina mtoto mchanga wa binti yangu, anataka wa kumbeba. Sitaki mnimalizie mtoto wa mama kwa fimbo."

"Sawa, dada," Ogola alisema. Neno likatoka hivyohivyo, na likawa ahadi.

Kesho yake alikwenda shuleni. Mwalimu Waitara alifungua daftari la mahudhurio, akakata Amondi, akaandika Nyangweso.

Mwezi wa saba alihamia mwalimu mpya. Aliitwa Felista. Alitokea Issenye, kule Serengeti, na alikuwa amesomea elimu maalumu, yaani namna ya kufundisha watoto wenye mahitaji yao ya pekee. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini na maneno ya moja kwa moja. Alikuwa amemaliza wiki mbili tu alipomwita Ogola.

Ogola alikwenda na viatu vyake vya machimboni, tayari kwa lawama.

"Karibu, baba Nyangweso," alisema mwalimu Felista. "Au nikuite baba Amondi?"

Ogola alikaa vizuri kwenye kiti.

Mwalimu aliweka karatasi mezani. Katikati ya karatasi palikuwa na tundu.

"Siku yangu ya kwanza niliwaambia watoto waandike majina yao," alisema. "Binti yako aliandika haraka. Aliandika Amondi, vizuri kabisa, bila kosa. Wenzake wakamcheka. Wakasema, hilo si jina lako! Akatia mate kwenye kidole, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akajaribu hilo jipya. Alikaa nalo kipindi kizima. Hakupata hata herufi mbili."

Ogola alilitazama lile tundu.

"Nimempima kwa wiki mbili hizi," mwalimu aliendelea. "Nimempa maneno mengi. Mama, baba, maji, ng'ombe. Hakuna analoweza kuandika. Lilikuwa moja tu, mzee. Neno moja tu mtoto huyu alilimiliki duniani. Na nyinyi mkamnyang'anya."

Maneno haya yalimwingia Ogola mpaka mifupani. Alitaka kujitetea. Alitaka kusema habari za mama yake, na ndoto, na dada yake.

"Hatukujua," alisema mwishowe.

"Najua hamkujua. Sikukuita nikugombeze. Nataka kukuuliza. Hili jina aliwezaje kulijua, na mengine yamemshinda?"

Mtoto aliitwa. Alisimama mlangoni, macho chini.

"Amondi," mwalimu alisema taratibu. "Nani alikufundisha kuandika jina lako?"

"Dumu," alisema mtoto.

"Dumu?"

"Nilikuwa nalipapasa. Bombani." Alionyesha kwa kidole hewani. Kilipanda, kilishuka, kilizunguka.

Mwalimu Felista alipiga makofi kwa furaha. "Umeona, mzee? Ametuonyesha mlango mwenyewe. Mtoto huyu anajifunza kwa kugusa!"

Mtoto aliporudi darasani, mwalimu alimweleza Ogola taratibu.

"Kuna watoto ambao herufi zinawasumbua hivi. Akili wanayo, tena nyingi. Lakini kuunganisha herufi na sauti yake, hapo ndipo pagumu kwao. Wamezaliwa hivyo. Tunaita ugumu wa kujifunza. Si uvivu. Si laana. Na fimbo haiutoi."

"Unapona?"

"Si malaria, useme atameza dawa. Atakua nao. Lakini atasoma, mzee. Polepole na kwa njia yake, atasoma. Kwanza mpelekeni hospitali wampime macho na masikio, tuwe na hakika. Na niambie, kwenu kuna mtu mwingine aliyepata taabu hii?"

Ogola alianza kusema hapana. Kisha akamkumbuka ndugu yake Orwa. Orwa alikimbia shule darasa la nne, miguu imejaa alama za fimbo. Siku hizi Orwa alitengeneza pampu za maji machimboni. Alisikiliza mashine kwa sikio tu, akajua inaumwa wapi. Lakini ukimpa karatasi asaini, alisema amesahau miwani. Hakuwahi kuwa na miwani.

"Yupo," Ogola alisema. Machozi yalimlenga. "Jamani, yupo. Na sisi tulimcheka miaka yote."

Hospitalini Tarime waliambiwa macho ni mazima na masikio ni mazima. Basi kazi ikaanza.

Mwalimu Waitara ndiye aliyekuwa mgumu mwanzoni.

"Nina watoto mia moja na thelathini na nane, mwalimu," alisema. "Huyu mmoja nitampa nini ambacho wengine sina cha kuwapa?"

"Humpi kitu kipya," Felista alimjibu. "Mtoe nyuma, mkalishe mbele, karibu na ubao. Usimsimamishe asome mbele ya wenzake kabla hajajiandaa. Akinakili, anakili mistari mitatu, si ukurasa. Na kwenye jaribio, msomee swali, akujibu kwa mdomo. Unataka kujua kama anajua sayansi, au kama anajua kusoma?"

Waitara alifikiri. Jaribio la sayansi lilipofika, alimwita Amondi kando, akamsomea maswali kumi kwa sauti. Mtoto alijibu tisa. Waitara aliivua kofia yake, akaivaa tena.

"Mwaka mzima nimempa sifuri huyu," alisema. Baadaye aligundua watoto wengine wanne darasani wenye taabu kama ile, na hakuwaita wavivu tena.

Kusoma kwenyewe kulifanyika kwa mchanga. Felista alitaka sinia lenye mchanga laini. Mtoto aandike herufi kwa kidole, huku akitamka sauti yake. Aiguse, aisikie, aione, yote kwa pamoja.

"Mchanga niachie mimi," alisema Ogola. Alifurahi kupata kazi anayoiweza. Kesho yake alifika shuleni na karai limejaa mchanga laini ajabu, laini kuliko unga wa mtama.

"Huu hupati popote," alisema kwa majivuno.

Felista alikuwa ameshanyoosha mkono. Aliurudisha.

"Umeutoa wapi?"

"Mwaloni. Pale tunapooshea dhahabu."

"Mwaloni mnakamatia dhahabu kwa kitu gani, mzee?"

"Kwa zebaki."

"Na zebaki inayobaki inakwenda wapi?"

Ogola alifungua mdomo. Alilitazama karai. Akaufunga mdomo.

"Loo!" alisema mwalimu. "Tunahangaika kumsaidia mtoto kichwa chake, wewe unaniletea sumu kwenye karai! Zebaki inaharibu ubongo, na mtoto ndiye inamwumiza zaidi. Vumbi lake, moshi wake mnapochoma dhahabu, mikono isiyooshwa mezani. Rudisha mwaloni kwenye mchanga wenzake, usiumwage njiani. Kisha oga, ubadilishe nguo kabla hujamgusa mtoto."

Ogola alirudi na karai lake kichwani, na watoto wa shule walimcheka njia nzima. Alistahili. Tangu siku ile nguo za kazi zilibaki kwenye kibanda cha duara, na Amondi hakukaribia mwalo wala mawe ya uani. Mchanga ulipatikana kanisani, kwenye lundo la kujengea, uliotoka kwenye kijito cha mbali na machimbo. Mzee wa kanisa aliuliza ndoo moja ni ya nini.

"Ya kusomea," Ogola alisema. Mzee alimtazama kama mtu aliyepatwa na jua kali, akampa.

Lilibaki jambo moja.

"Nianze na jina lipi?" Felista aliuliza. "Mambo ya ukoo wenu siyaingilii. Lakini ningekuwa wewe, ningemuuliza mwenyewe."

Jioni ile Ogola alikaa uani na binti yake. Abonyo alikuwa akipepeta mchele, lakini masikio yalikuwa kwao.

"Mwanangu," Ogola alianza. "Nilikuchapa kwa jambo lisilokuwa kosa lako. Nisamehe."

Mtoto alishtuka. Hakuwahi kusikia mtu mzima akisema hivyo.

"Sasa niambie. Unataka mwalimu akufundishe jina lipi?"

Amondi alichora kitu chini kwa kidole cha mguu.

"La kwenye dumu," alisema.

Abonyo aliweka ungo chini. "Nilitaka kusema siku ileile," alimwambia mumewe. "Niliona uso wake."

"Na mimi ningekusikiliza?"

"Usingenisikiliza."

"Basi leo nimesikia," Ogola alisema. Lakini moyoni aliogopa. Alimwogopa dada yake. Na kusema kweli, kidogo alimwogopa na mama yake aliyelala kaburini. Hata hivyo alikwenda shuleni, na Mwalimu Waitara akakata tena kwenye daftari lake.

Kila siku, baada ya masomo, Amondi alikaa na Felista robo saa. Haikuzidi robo saa. Nyumbani, Abonyo alikaa naye robo saa nyingine, sinia la mchanga magotini. Walianza na sauti. Ma, me, mi. Walipiga makofi kwa kila silabi. Maneno waliyaandika kwenye boksi la sabuni, wakayakata vipande vya silabi, kisha wakayaunga kama mtu anayeunga bomba. Kwa zile herufi zilizomkorofisha, Felista alitengeneza uji mzito, akachora nao herufi kwenye boksi, akamwagia mchanga. Ulipokauka, herufi ilikwaruza kidole.

"Anza hapa," alimwambia kila mara. "Usikimbie. Kidole kikifika, na sauti itafika."

Usidhani mambo yalinyooka. Kuna siku Amondi alitupa sinia, mchanga ukamwagika kitandani. Kuna wiki nzima alisahau yote ya wiki iliyopita. Ogola alikuwa akichungulia mlangoni, mikono inamwasha. Akakumbuka miguu ya Orwa, akatoka nje kutembea.

Mwezi wa kumi, Amondi alisoma maandishi kwenye mfuko wa chumvi. Alisoma peke yake, hakuna aliyemuuliza. Abonyo alikimbia mpaka kwa mzee Heche kumpa habari, na mzee akatuma lita mbili za maziwa.

Mwezi wa kumi na mbili ukafika. Shule ilifungwa siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi bodaboda ilisimama nje, na Atieno akashuka na furushi la dagaa.

"Shikamoo, Waya," alisema Amondi.

"Marahaba, Nyangweso." Atieno aliweka furushi chini. Hapo akaliona dumu la njano. Ubavuni palikuwa na rangi nyekundu tena. Yeye hakujua kusoma, lakini alikumbuka mahali kisu chake kilipopita.

"Nani ameandika hapa tena?"

"Mimi, Waya," alisema mtoto.

"Umeandika nini?"

"Amondi."

Atieno alimgeukia ndugu yake.

"Ogola. Mmemtoa mama nje tena?"

"Keti kwanza, dada."

"Siketi. Ripoti iko wapi? Amekuwa wa ngapi?"

Ogola alitamani kudanganya. "Wa tisini na moja," alisema.

"Kati ya wangapi?"

"Mia moja na thelathini na nane."

"Basi!" Atieno alisema. "Nilisema nini mimi? Tisini na moja ndiyo kujua kusoma? Mtoto, kusanya nguo zako. Bodaboda inangoja."

Amondi alimtazama baba yake. Ogola aliona yale macho. Yalikuwa macho ya siku ile kisu kilipokwangua rangi, na safari hii yalimtazama yeye.

"Haendi, dada," alisema.

"Umesema?"

"Haendi." Hakuwahi kumkatalia dada yake kitu tangu azaliwe. "Nilikupa neno langu, na leo nalivunja. Nikasirikie mimi, usimkasirikie mtoto. Mwaka jana alikuwa wa mwisho kabisa, dada. Mwisho! Hakuna aliyemshikia akili. Anajifunza kwa njia nyingine, na njia tumeipata. Orwa alikuwa hivihivi. Unamkumbuka Orwa? Wewe ndiye ulimpaka mafuta miguuni."

Atieno aliitazama miguu ya mtoto. Alikumbuka. Aliketi kwenye kiti bila kukaribishwa mara ya pili.

Abonyo alimsukuma mtoto kidogo. Amondi aliingia ndani, akatoka na kitabu. Alifungua, akaweka kidole. Alisoma hadithi fupi ya mama na mbuzi wake. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe. Palipomshinda alisimama, akakata neno, akaliunga, akaendelea. Mistari sita ilichukua muda. Mwenye bodaboda alizima pikipiki yake ili asikie.

Alipomaliza, Atieno alijifuta macho na kitambaa cha kichwa.

"Amesoma kweli?" alimwuliza Ogola. "Au ameshika kwa kichwa?"

"Fungua ukurasa wowote, dada."

"Sitaki." Alikifunga tena kitambaa. "Lakini mama je? Ananijia mimi ndotoni, si nyinyi. Nikirudi nitamwambia nini?"

Hapo Amondi aliingia ndani tena. Safari hii alitoka na kipande kirefu cha boksi, kimekatwa vizuri. Juu yake palikuwa na herufi za mchanga, zimebandikwa kwa uji na kukauka. Zilikuwa tisa. Hata Ogola hakuwa ameziona kabla.

"Nimeandika wiki tatu," mtoto alisema. "Mwalimu alinisaidia hapa kwenye n na g tu. Hili ni la bibi, Waya. Mimi nina langu. Hili uende nalo, asikae nje."

Atieno alilipokea kwa mikono miwili. Aliligeuza huku na huku. Mama yake alikuwa ameishi miaka sabini na kufa, na hakuna mtu aliyewahi kuliandika jina lake mahali popote.

"Ndiyo yeye huyu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mwanzo wake ni wapi?"

Amondi alichuchumaa mbele yake. Alikishika kidole cha shangazi yake, kidole kigumu cha kazi, akakiweka juu ya herufi ya kwanza.

"Anza hapa, Waya," alisema. "Usikimbie."